Hesabu ya Karakati

Fundi wa Arkhangeliski aliandika bei kwa kalamu nyekundu,
akaipigia mstari mara mbili, kama mwalimu aliyekuta kosa:
magurudumu manne manene, kibanda cha bati, hita,
dhamana ya miezi kumi na minane.
Sevastiani, mume wangu, akaniangalia kama mtu aliyekwisha kulipa.
Nikaikunja ile karatasi, nikaichomeka ndani ya glavu.
Kutoka gereji ile hadi kwetu Pinega ni usiku kucha wa theluji,
na usiku kucha nilikuwa nafungua na kufunga nati kichwani.

Mimi hupeleka barua. Vijiji vinne, kinamasi kimoja,
mto unaojifikiria hadi Desemba kabla ya kuganda.
Gari la kawaida huzama huko mpaka kwenye vitasa.
Kinachotakiwa ni karakati:
chombo chepesi juu ya mipira iliyojaa pumzi,
kipite juu ya matope kama paka juu ya mtu aliyelala.

Nilianza Februari, bandani,
na injini ya pikipiki iliyokuwa chini ya magunia ya viazi.
Mipira ya ndani ya trekta, nikaivika mikanda ya mabomba ya zimamoto.
Ekseli ilitoka kwenye Lada ya marehemu Prokopi;
mjane wake hakutaka pesa, alitaka nimtengenezee jiko.
Nikamtengenezea. Hilo halikuandikwa popote.

Mengine aliyaandika binti yangu Taisiya
katika daftari la shule, nyuma ya zoezi la jiografia:
Nati arobaini.
Fimbo za kuchomelea, kilo sita.
Drili.
Drili nyingine, ya kwanza imeungua.
Sprokoti isiyolingana na cheni.
Cheni mpya, isiyolingana na kitu chochote.
Bandeji ya mama.

Kuchomelea nilijifunza kwa kuharibu.
Mishono yangu ya kwanza ilifanana na kinyesi cha njiwa.
Sevastiani akaja na chai, akasimama mlangoni:
"Mjini wana mashine za kazi hiyo."
"Ndiyo," nikasema, "mjini wana mashine."
Chai ikaganda juu ya benchi.

Waliosema mtaka cha mvunguni sharti ainame
hawakuwahi kulala chali chini ya fremu,
nyuzi ishirini chini ya sifuri,
wakiisaka nati iliyodondokea ndani ya kola.

Rodioni, jirani, alilipa gereji.
Yake ililetwa juu ya lori, rangi ya chungwa,
ina hadi mahali pa kuwekea kikombe.
Iliwaka mara ya kwanza. Sitasema uongo:
iliwaka na mara ya pili, na ya mia.

Yangu, safari ya kwanza, ilizimika kilomita ya kumi na moja.
Rodioni akanivuta kwa kamba,
tukapita mbele ya shule saa ya mapumziko.
Hakucheka. Afadhali angecheka.
Kwenye mteremko mashine yake ikatoa mlio mdogo,
kama mtu anayekohoa kanisani.
Akasimama. "Ni nini hiyo?"
Nikainamisha sikio. "Beringi. Nyuma, kushoto."
Akalitazama lile gurudumu
kama mpangaji wa mwaka mzima ambaye hajawahi kumuuliza jina.

Huo si ushindi. Beringi yake ilibadilishwa bure.
Zangu hununua mwenyewe, mbili mbili.

Mwezi wa Machi Taisiya alijumlisha:
nimeipita bei ya gereji kwa rubli elfu kumi na mbili na mia tatu.
Sevastiani akakohoa, akaenda kupasua kuni
ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa.
"Na saa, mama? Saa niziandike wapi?"
Nikamwambia aache ukurasa mtupu.

Leo asubuhi nimevuka kinamasi na mifuko mitatu ya barua.
Karakati inagonga, inapiga mluzi, inanguruma.
Kila mlio wake naujua kwa jina,
na mengi ya majina hayo
hayatamkwi mbele ya mtoto.